Chaja ya Pikipiki na Rimu ya Toleka

Pikipiki ya umeme haisumbui barabarani. Inasumbua nyumbani, jioni inapodai prizi. Sisi wa komine ya Tshopo, upande huu wa Kisangani unaopakana na mto wenye jina hilohilo, tumeyajua hayo kwa kuyaishi. Na kwa kuwa majirani hawaachi kusimama barzani kwetu wakiuliza kile kisanduku cha ukutani ni cha nini, nimeona bora niyaeleze yote tangu mwanzo, pamoja na ule usiku wa moshi.

Mimi nauza mikate. Alfajiri naichukua kwenye tanuri huko Makiso, naigawa kwenye vibanda vya mtaani kwetu, kisha navuka daraja la Tshopo kufuata barabara ya Buta mpaka vijiji vya kwanza. Nilipokuwa na pikipiki ya mafuta, faida yote iliishia kwenye tangi. Mafuta ya hapa ama yamepanda ule mto mkubwa kwa baji kutoka Kinshasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,700, ama yameletwa na malori kutoka mashariki. Njia zote mbili ni ndefu, na bei inaufuata urefu huo. Kaka yangu anayefanya biashara Kampala ndiye aliyetushauri tuchukue ya umeme. Tukaiuza ile ya zamani, tukaongeza zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, na mashine ikaja juu ya lori kwa njia ya Beni, Komanda, Mambasa na Nia-Nia, imejaa tope jekundu lakini nzima.

Ilikuja na chaja yake. Ni sanduku la chuma lenye feni, zito kuliko linavyoonekana, lenye mikia miwili: mmoja wa kwenda prizi, mwingine wa kwenda kwenye betri. Mikia yote miwili mifupi. Betri yetu ni ya volti 72, imefungwa kwa bolti chini ya kiti, haitoki. Kigali kuna kampuni kama Ampersand ambako motari, mwendesha pikipiki ya abiria, hafiki nyumbani na chaja kabisa: anaingia kituoni, anaacha betri iliyokwisha, anapewa iliyojaa, anaendelea na abiria wake. Mtaani kwetu hakuna kituo cha namna hiyo. Hapa kituo ni nyumba yako, na nyumba yetu ilikuwa na prizi moja tu ya kuaminika, nayo ilikuwa sebuleni, nyuma ya kiti cha mama mkwe.

Basi pikipiki ikawa inalala sebuleni. Kila jioni meza ilisogezwa, mkeka wa watoto ukakunjwa, kiti cha mama mkwe kikahamia karibu na mlango. Mume wangu aliishika kwa usukani, shemeji akaisukuma kwa nyuma, matairi yakaacha michirizi ya tope kwenye sementi ambayo binti yetu mkubwa alikuwa ameipiga deki muda si mrefu. Feni ya chaja ikianza kuvuma, mama mkwe alikuwa anaongeza sauti ya redio. Hakulalamika. Alisema tu, kila mara kwa maneno yaleyale, «Mwanangu, hii tukutuku ina chumba, mimi sina.» Mama mkwe ni mjane aliyelea watoto wake katika mji huu wakati wa vita, na mtu wa namna hiyo akisema hana chumba katika nyumba ya mwanawe, nyumba nzima inakosa usingizi.

Halafu kuna saa za umeme wenyewe. Kisangani haiungwi na Inga. Ule waya mkubwa uliokamilika mwaka 1982 ulitoka Inga ukaenda Kolwezi, kwenye migodi ya kusini, haukuja kwetu. Sisi tunaishi kwa bwawa letu la mto Tshopo, lililojengwa miaka ya 1950, lenye mashine tatu ambazo hata zikizunguka zote hazifiki megawati 20, na mji umekua mara nyingi tangu wakati huo. Ndiyo maana kuna delestaji, umeme kwa zamu. Mtaa wetu mara unapata mchana, mara unapata saa sita usiku, mara unapata saa nane. Katika nyumba zote za hapa balbu moja huachwa imewashwa makusudi, ili kurani, yaani umeme, ikirudi iwaamshe watu. Ikiwaka, mtaa mzima unaamka: huku pasi, kule resho la kupikia, kule simu, kule mtoto anapiga kelele za furaha. Na kwetu mtu mmoja lazima aamke achomeke chaja, kwani asipoamka, asubuhi hakuna mkate barabara ya Buta.

Hamu ya kuirekebisha ilizaliwa hapo. Haikuwa tamaa ya anasa. Tulitaka mambo matatu: pikipiki ilale nje kwenye barza, mtu yeyote wa nyumba aweze kuichomeka gizani bila kuita msaada, na mama mkwe arudishiwe sebule yake.

Marekebisho ya kwanza yalikuwa alonji, waya wa kurefushia umeme. Shemeji aliileta kutoka sokoni, ndefu, nyeupe, yenye matundu manne mwishoni, imeandikwa kwenye ganda lake kipimo kizuri cha waya. Ilitoka kwenye prizi ya sebuleni, ikapita dirishani, ikafika barzani. Siku ya kwanza tulifurahi. Siku zilizofuata dirisha halikufungika kwa sababu ya waya, mbu wakaingia, kuku wakajifunza kutua juu yake, mvua ikaja. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mvua ya hapa haina msimu wa kupumzika kwa kweli, na maji yakifuata waya yanaingia popote waya unapoingia. Asubuhi tulikuta pini za plagi zimeanza kuota ule ukijani wa shaba iliyolowa. Tena alonji ilikuwa ndefu kupita haja: metro nyingi zilibaki zimelala sakafuni, na mtoto wetu mdogo alijikwaa hapo mara kwa mara.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na mikono yake haipumziki. Nyuma ya nyumba kulikuwa na rimu ya baiskeli ya marehemu baba yake, ambaye alikuwa tolekisti, mbeba abiria kwa baiskeli. Vijana wa leo wanawaona motari tu, lakini wakati wa vita vya mwisho wa miaka ya 1990, mji ulipotengwa na mafuta yakakosekana, baiskeli za toleka ndizo zilizobeba watu, magunia, wagonjwa na maharusi wa Kisangani. Nyumba hii ilijengwa kwa miguu ya yule mzee. Kwa hiyo mume wangu alipoishusha ile rimu, akaitoa spoku kadhaa, akaifungia ekseli kwenye nguzo ya barza na kuizungushia alonji yote, hakuna aliyethubutu kusema ni taka. Ulivuta mwisho wa waya, rimu ikazunguka, waya ukaja kwa urefu unaoutaka. Ulipomaliza ulizungusha kwa mpini mdogo wa mti, waya ukarudi wote. Sakafu ikawa safi. Mtoto akaacha kujikwaa. Pikipiki ikalala nje chini ya barza, na mama mkwe akakirudisha kiti chake mahali pake, akatandika kitambaa chake cha kufuma juu ya meza, akapika lituma na samaki kwa ajili ya mwanawe. Majirani walikuja kuiona rimu. Ilikuwa kazi nzuri kwa macho, nami niliisifu kwa moyo wote.

Uzuri huo ndio uliotuficha hatari. Pikipiki inaegeshwa hatua chache tu kutoka kwenye nguzo. Kwa hiyo kila usiku tulivuta metro mbili au tatu za waya, na sehemu yote iliyobaki ilikaa kwenye rimu, tabaka juu ya tabaka, ikipitisha umeme.

Usiku ule kurani ilirudi karibu na saa saba. Balbu ikawaka, binti yetu mkubwa akaamka, akaenda barzani akachomeka chaja kama alivyofundishwa. Kisha akafanya ambalo msichana yeyote mwenye akili wa mji huu angelifanya umeme ukija usiku: akaweka maharagi kwenye resho, ili makaa yasinunuliwe kesho yake. Resho akaichomeka palepale, kwenye tundu la pili la alonji, kwa kuwa palikuwa karibu na hewa. Akarudi kulala kidogo.

Aliyesikia harufu ni mama mkwe. Wazee wetu hawalali sana, na yeye alikuwa amelala kwa amani sebuleni kwake, kwenye kitanda tulichompangia pembeni. Alitambua kwamba si harufu ya maharagi. Hakupiga kelele za hofu. Aliita kwa jina kila mtoto mmoja mmoja, akawaambia watoke kwa mlango wa nyuma, wasipite barzani, kisha akagonga mlango wetu kwa fimbo: «Amkeni. Waya wenu unaiva.»

Tulipotoka, rimu ilikuwa inafuka moshi mweusi. Ganda jeupe la waya lilikuwa limegeuka uji, tabaka zimeshikana, na katikati kulikuwa na mwanga mdogo mwekundu unaotembea. Mume wangu alinyoosha mkono aivute plagi; shemeji alimshika akamrudisha, akakimbilia kwenye konteri, mita ya umeme, akashusha umeme wa nyumba nzima. Hapo ndipo tulipomwaga mchanga. Maji yalikuwepo, pipa zima, na jirani mmoja alikuwa tayari na ndoo. Mama mkwe alimwamuru aiweke chini. Sijui alijifunza wapi kwamba moto wa umeme haumwagiwi maji kabla ya kurani kukatwa, ila alijua, na ndiyo maana nina mume leo.

Pikipiki haikuguswa. Chaja haikuguswa. Nguzo ya barza iliungua upande mmoja, prizi ya sebuleni ikawa nyeusi, na maharagi hayakuiva. Watoto wote walikuwa wazima. Nilikaa chini kwenye mchanga nikalia.

Asubuhi shemeji, ambaye anasoma ufundi wa umeme, alichukua kisu akaipasua ile alonji kwenye sehemu iliyosalimika. Ndani ya ganda nene mlikuwa na nyuzi nyembamba mno, hazifiki hata nusu ya kipimo kilichoandikwa nje. Akaenda kwenye konteri na kuonyesha jambo jingine: mahali pa fizibo, mtu fulani zamani alikuwa ametia uzi wa shaba, ili isikatike tena. Haikukatika. Kukatika ndiyo kazi pekee ya fizibo, nayo ilikuwa imenyang'anywa.

Kisha akatueleza jambo ambalo nataka kila mwenye chaja alisome polepole. Chaja yetu inahitaji karibu wati 950. Umeme ukiwa volti 220, inavuta kama ampea 4.3. Lakini usiku, mtaa mzima ukiwasha vitu kwa pamoja, volti zinaanguka. Shemeji alikuwa amepima mara nyingi akakuta 160. Resho ikikosa volti inapunguza joto, sufuria inachelewa, basi. Chaja haikubali kuchelewa. Inataka wati zake zilezile, kwa hiyo volti zikipungua inavuta ampea zaidi, inafika karibu 6. Na joto la waya halipandi sawa na ampea, linapanda kwa mraba wake: kutoka 4.3 kwenda 6, joto linakuwa karibu maradufu. Ongeza resho. Halafu uzungushe waya huo kwenye rimu, ambapo kila tabaka linalifunika jingine na joto halina pa kutokea. Waya uleule ukinyooshwa sakafuni unapoa kwa hewa. Ukizungushwa unajipika wenyewe kutoka ndani.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: «Kwa nini waya utembee? Si tukutuku ndiyo yenye magurudumu?»

Hilo ndilo lililotuongoza katika marekebisho ya pili, na ndiyo yanayodumu mpaka leo. Tuliacha kuipelekea pikipiki umeme. Tuliujenga umeme mahali pamoja, pikipiki ikaufuata.

Kutoka kwenye konteri tulivuta waya mpya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wa njia tatu, ambao shemeji aliupasua na kuupima dukani kabla hatujalipa. Mwenye duka alikasirika. Tukavumilia hasira yake. Waya huo unapita ndani ya bomba, haugusi dirisha, hauna kiungo hata kimoja njiani, na una dijonkteri yake peke yake, swichi inayojikata umeme ukizidi, ya ampea 10, pamoja na ile ya kuhisi umeme unaovuja, inayokata kwenye miliampea 30 kabla haujamuua mtu. Waya wa tatu unaingia ardhini kwa chuma kirefu tulichokipigilia mahali ambapo maji ya kuogea humwagika, kwa kuwa udongo mbichi hupokea umeme vizuri kuliko udongo mkavu. Ule uzi wa shaba ulitupwa, fizibo halisi ikarudi.

Chaja yenyewe imefungwa ukutani kwenye barza, ndani ya kisanduku cha mabati kilicho wazi chini na pembeni ili feni ipumue. Fundi wa kuchomelea alitaka kukiziba chote apendezeshe, tulikataa. Alikuwa na hoja yake kuhusu mvua, kwa hiyo paa la kisanduku limetokeza mbele kama kofia, na waya unaoingia unashuka kwanza chini ya tundu kisha unapanda, ili matone yadondoke pale chini yasifuate waya hadi ndani. Baadaye tuligundua adui mwingine. Nyigu wa matope walianza kujenga ndani ya tundu la feni, na chaja ikawa inapata joto bila sababu. Tumetia wavu wa zamani wa chuma wa kuzuia mbu, na binti yetu anausafisha kila Jumamosi.

Mkia unaokwenda kwenye betri hatukuurefusha. Shemeji alisimamia hilo kwa ukali: upande ule chaja inatoa mpaka volti 87.6 za mkondo mmoja, na kiungo kibovu pale hutoa cheche inayodumu, si ile ya mara moja. Badala yake tulipima mahali tairi la mbele linapofika na kuweka tofali sakafuni. Pikipiki ikigusa tofali, tundu la betri liko sawasawa chini ya mkia. Mkia unaning'inia kwenye ndoano, kwa urefu wa bega la mama mkwe. Alisimama pale, mume wangu akachora alama ukutani, ndoano ikapigiliwa hapo. Kichwa cha plagi kimefungwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli ili kisiteleze mkononi, na upande wa juu una rangi nyeupe nene ambayo kidole kinaitambua gizani.

Likabaki suala la kuamka usiku. Tulinunua kile kisanduku ambacho watu hukitia kwenye friji, kinachoangalia volti zikizidi au zikipungua mno, na umeme ukirudi kinangoja dakika chache utulie ndipo kinapitisha. Sasa mtu anachomeka jioni, hata kama hakuna umeme, na kwenda kulala. Kurani ikija saa nane, inangojewa, inapimwa, inaingia. Chaja ikijaza betri inajizima. Binti yetu analala usiku wote, na walimu wake wameona tofauti.

Watoto waliniuliza kama betri hii imetoka Kolwezi, kwa sababu shuleni wanafundishwa kwamba kobalti nyingi ya dunia inachimbwa nchini kwetu. Nikasoma kibandiko pamoja nao: ni ya lithiamu, chuma na fosfati, haina kobalti. Walisikitika kidogo. Niliwaambia ina sifa moja ninayoipenda mimi mama yao, kwamba aina hii huvumilia joto kuliko zile za kobalti.

Sharti moja tu linaleta ugomvi: hakuna tundu la pili. Wifi yangu ameomba mahali pa pasi, jirani ameomba mahali pa simu, motari wa mtaani wameomba kulipa ili wachaji hapa. Simu wanapewa prizi ya sebuleni, kwa upendo. Kwenye waya wa pikipiki hakuna kinachoongezwa, na dijonkteri ya ampea 10 inalisimamia neno hilo hata nikiwa sipo. Resho ina prizi yake mpya jikoni.

Rimu ya mzee haikutupwa. Mume wangu aliisugua masizi, akairudisha kwenye gurudumu, na baiskeli hiyo sasa inampeleka shuleni.

Sasa nakuomba wewe unayesoma. Kama nyumbani kwako kuna alonji iliyozungushwa kwenye ndoano, kwenye kigogo au chini ya kitanda, na inabeba kitu chochote kinachotoa joto au kujaza betri kubwa, ikunjue yote leo, kabla kurani haijarudi. Kisha ishike kwa mkono baada ya nusu saa ya kazi. Ikiwa ya moto, usiitumie tena.